Mazungumzo ya Nyumbani: Punda Afe, Mzigo Ufike

Mwezi huu tunayo mkononi barua ya mwalimu mmoja, nasi tumeona yafaa kuijibu hapa mbele ya wote, maana jambo aliloliuliza si lake peke yake. Twajua limo katika nyumba nyingi.

Asema hivi. Baba yake mzazi, mzee wa miaka 65, alianza kukosa pumzi kila alipopanda kilima cha kwenda shambani. Kisha miguu yake ikawa inavimba jioni, hata viatu visiingie. Mwisho hakuweza tena kulala chali, bali alikaa kitandani ameegemea mito mpaka alfajiri. Akapelekwa hospitali, akaambiwa kwamba moyo wake unashindwa na kazi yake, akapewa dawa za namna nne. Baada ya miezi mitano uvimbe ulikwisha, usingizi ukarudi, na mzee akachukua jembe lake akaenda shambani kama zamani. Ndipo aliposema, "Dawa ni ya mgonjwa, nami si mgonjwa tena," akazifungia zote kabatini.

Mwalimu alipojaribu kumsihi, mzee alimwuliza neno ambalo hakuweza kulijibu. "Mwanangu, daktari alisema moyo wangu ni dhaifu. Tena katika dawa hizi mna moja ambayo kazi yake ni kuupunguzia moyo mwendo. Je, kiwete hufungwa miguu ili apate kutembea?"

Swali hili si la mjinga. Madaktari wenyewe waliliuliza kwa miaka mingi, na wengi wao walijibu kama mzee huyu. Basi tutalijibu taratibu, tukianza na moyo wenye afya, kisha tuutazame moyo uliochoka. Mwenye haraka na avumilie kidogo, kwa kuwa jibu la mwisho halieleweki pasipo lile la kwanza.

Kazi ya moyo

Moyo wa mtu mzima ni kiasi cha ngumi yake, na uzito wake ni kama gramu 300. Mtu akiwa ametulia, moyo hupiga mara 70 hivi kwa dakika, ndiyo kusema mara 100,000 na zaidi mchana na usiku. Kila dakika husukuma damu kadiri ya lita 5. Walimu wawape watoto hesabu hii: lita 5 kwa dakika, dakika 60 kwa saa, saa 24 kwa siku. Watapata lita 7,200, nazo ni debe 360 za lita 20. Ni kijana gani awezaye kuteka debe 360 kisimani kwa siku moja, na kesho tena, na keshokutwa tena, miaka 70 asikose hata siku moja?

Ndani ya moyo mna vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, na viwili vya chini huisukuma. Upande wa kulia huipeleka mapafuni ikapate hewa safi, na upande wa kushoto huipeleka mwili mzima, toka utosini hata vidole vya miguu. Kila chumba cha chini kina vali mbili, nazo ni kama milango ifungukayo upande mmoja tu. Moja huingiza damu na nyingine huitoa, isipate kurudi nyuma.

Ni nani auamuruye moyo?

Watu wengi hudhani kwamba moyo huamriwa na ubongo, kama mkono na mguu. Lakini aliyepata kuchinja kobe au kupasua samaki ameona moyo ukiendelea kupiga peke yake, hali umekwisha kutolewa mwilini. Basi amri imo mle mle ndani ya moyo. Imo wapi?

Mwaka 1906 mwanafunzi mmoja wa udaktari, jina lake Martin Flack, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya mwalimu wake Arthur Keith, huko mashambani Kent, Uingereza. Siku moja Keith na mkewe walitoka kutembea kwa baiskeli. Waliporudi walimkuta kijana amejaa furaha, kwa kuwa alikuwa akitazama kwa hadubini moyo wa fuko, akaona mahali palipo na kifundo kidogo cha chembe zisizofanana na nyingine. Mwaka uliofuata wakatangaza habari zake. Kifundo hicho kimo katika moyo wa mwanadamu vilevile, katika chumba cha juu cha kulia, pale mshipa mkubwa wa damu unapoingia. Ndicho kinachoanzisha kila pigo.

Mwaka ule ule wa 1906 Mjapani mmoja, Sunao Tawara, aliyekuwa akisoma huko Marburg, Ujerumani, alieleza njia ambayo amri hiyo huipita. Kati ya vyumba vya juu na vya chini mna kifundo cha pili. Amri ikifika hapo hucheleweshwa kwa muda mfupi sana, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu vipate kumimina damu yao kwanza. Kisha hushuka upesi kwa nyuzi mbili kubwa, moja ya kulia na moja ya kushoto, ikatawanyika katika kuta za vyumba vya chini, navyo vikajikaza pamoja.

Walimu wetu wanaofundisha kwaya wataelewa mara moja. Yuko mwanzishaji, naye huanza wimbo. Wako waimbaji wengi, nao hungoja, kisha hupokea kwa sauti moja. Mwanzishaji akichelewa, au waimbaji wa upande mmoja wakipokea baada ya wenzao, sauti hazipungui, lakini wimbo umeharibika. Na moyo ni hivyo hivyo. Ubongo ni kama mwalimu aliyesimama kando: aweza kumwashiria mwanzishaji aharakishe au apunguze mwendo, kama tunapokimbia au tunapolala, lakini mwenye kuanza wimbo si yeye.

Umeme utokao katika chumvi

Amri hiyo ni umeme. Lakini msomaji asifikiri umeme wa waya na mitambo. Moyo umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, ziitwazo seli, nazo ni ndogo: seli moja ya msuli wa moyo urefu wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila seli ina ngozi nyembamba. Nje ya ngozi hiyo mna sodiamu nyingi, nayo ni mojawapo ya vitu viwili vifanyavyo chumvi ya chakula. Ndani mna potasiamu nyingi. Katika ngozi mna pampu ndogo ambazo hazikomi kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na kwa kazi hiyo seli huwa kama betri iliyojazwa. Nguvu yake ni kama sehemu 90 za elfu za volti, yaani karibu sehemu moja ya kumi na saba ya betri moja ya tochi.

Amri ikifika, vilango vidogo katika ngozi hufunguka, sodiamu ikaingia kwa ghafula. Kisha huingia kalisi, madini yale yaliyomo katika chokaa na mifupa. Kalisi hiyo kidogo hubisha hodi kwenye ghala iliyomo ndani ya seli, ghala nayo hufunguka na kumwaga kalisi nyingi zaidi, na nyuzi za msuli zikavutana. Ndilo pigo la moyo. Halafu potasiamu hutoka, betri ikajazwa upya, na pampu nyingine zikairudisha kalisi ghalani. Ndipo msuli unapolegea.

Habari ya kalisi ilijulikana kwa namna ya ajabu. Mwaka 1882 daktari Sydney Ringer wa London alikuwa akijaribu kuuweka hai moyo wa chura katika maji ya chumvi, nao ukapiga muda mrefu. Alipotengeneza maji yale upya kwa maji safi yaliyotoneshwa kwa mvuke, moyo ukadhoofika na kusimama. Akachunguza, akagundua kwamba hapo kwanza maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba la mji, nayo yalikuwa na kalisi ndani yake. Mwaka 1883 akatangaza neno hilo waziwazi, pasipo kuficha kwamba mwanzo alikosea. Kwa kosa hilo tumejua kwamba moyo hauwezi kujikaza pasipo kalisi.

Msomaji aweke akilini maneno mawili hapa, kwa kuwa tutayarudia. La kwanza, kulegea nako ni kazi: kuirudisha kalisi ghalani kwahitaji nguvu, sawasawa na kujikaza. La pili, chumba kikubwa cha kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake chenyewe wakati kinapolegea, maana kinapojikaza huibana mishipa yake. Moyo hula chakula chake wakati wa kupumzika. Nao ukipiga mbio, muda unaopungua zaidi ni ule wa kupumzika.

Kuusikiliza umeme huo

Mwaka 1887 Augustus Waller huko London alionyesha kwamba umeme wa moyo wa mtu waweza kupimwa kutoka nje, pasipo kumpasua. Alikuwa na mbwa wake aitwaye Jimmy, ambaye alisimama kwa utulivu, miguu yake imetiwa katika vyombo vya maji ya chumvi, na watu wakaona alama za moyo wake. Baadaye Willem Einthoven, mwalimu wa chuo cha Leiden, Uholanzi, aliyezaliwa katika kisiwa cha Java, alitengeneza chombo chenye uzi mwembamba sana kati ya sumaku mbili, uzi uliotikisika kwa kila pigo. Chombo chake kilikuwa kizito kama kilo 270, na watu watano walihitajiwa kukiendesha. Mwaka 1924 alipewa tuzo ya Nobel. Leo chombo cha kazi hiyo hubebwa kwa mkono mmoja.

Twasikia kwamba wako wanaokiogopa chombo hiki, kwa kuwa huwekewa waya kumi kifuani, mikononi na miguuni. Wasiogope. Chombo hakitii umeme mwilini. Husikiliza tu, kama mtu aliyetega sikio mlangoni, kisha huandika alichosikia kwenye karatasi.

Moyo uliochoka

Sasa tumfikie mzee wetu. Moyo waweza kuchoka kwa sababu nyingi. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, huulazimisha moyo kusukuma mlango mzito miaka na miaka. Mshipa wa moyo ukiziba, sehemu ya msuli hufa. Mtoto aliyeumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa aweza kupata homa ya baridi yabisi, nayo huharibu vali za moyo. Wako akina mama ambao moyo huwadhoofikia katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Tena ulevi wa siku nyingi huudhuru msuli wenyewe.

Sababu iwayo yote, mwili huona kwamba damu haifiki ya kutosha. Mwili hauna macho ya kuona kwamba msukumaji amechoka. Huona tu kwamba mzigo haukufika. Basi hufanya kama wasemavyo wazee: punda afe, mzigo ufike. Humwaga adrenalini, ndiyo kiboko chake, na moyo hupiga upesi na kwa nguvu. Tena huziamuru figo zizuie chumvi na maji, ili damu iongezeke. Kwa siku chache njia hii hufaa. Mtu aliyepoteza damu kwa jeraha huokolewa nayo. Lakini punda mgonjwa akichapwa kila siku, mwisho wake twaujua. Maji yaliyozuiwa hushuka miguuni na kuivimbisha, hujaa mapafuni, na mgonjwa hukosa pumzi akilala.

Na ndani ya seli, mna nini? Kwanza seli hunenepa au hurefuka, na chumba cha moyo kikatanuka kama mfuko wa zamani. Kati ya seli hujengeka makovu magumu yasiyovuta wala kupeleka umeme. Pampu zinazorudisha kalisi ghalani hupungua, na ghala yenyewe huvuja. Kwa hiyo, wakati wa kujikaza, kalisi ya kumwaga ni haba. Na wakati wa kulegea, kalisi iliyobaki nje hukawia kuondoka. Moyo hauvuti vizuri, wala haupumziki vizuri.

Umeme nao huharibika. Vilango vya potasiamu hupungua, na betri ya kila seli hukawia kujazwa upya. Kati ya seli na seli, katika moyo wenye afya, mna vijia vidogo sana vya kupitishia amri. Katika moyo uliochoka vijia hivyo hupungua, na vingine huhama mahali pake. Amri hupita polepole, ikizunguka makovu kama mtu azungukaye mawe njiani. Mara nyingine uzi wa kushoto hukatika kazi yake, na upande wa kushoto ukajikaza baada ya ule wa kulia, kama kwaya tuliyoisema. Na mara nyingine amri huzunguka kovu, ikarudi ilikotoka, ikazunguka tena na tena, na moyo ukatetemeka badala ya kupiga. Mtu huanguka ghafula, akafa kwa dakika chache asipopata msaada.

Hapa twataka kusema neno moja kwa nyumba zetu. Kifo cha namna hii hushangaza, na ushangao huzaa uvumi. Tumesikia mara nyingi, "Jana alikuwa mzima, tena alicheka nasi, yuko mtu aliyemfanyizia." Ndugu zetu, tusimnyoshee jirani kidole. Sababu ya kifo cha namna hii yaweza kuwa ilikuwamo ndani ya moyo miaka mingi, nayo haikupiga kelele.

Jibu la swali la mzee

Basi, je, kiwete hufungwa miguu? Madaktari walifundishwa zamani kwamba dawa za kuzuia adrenalini zisipewe kamwe mtu mwenye moyo dhaifu. Mwaka 1975 daktari Finn Waagstein na wenzake huko Göteborg, Uswidi, walitangaza kwamba walikuwa wamewapa dawa hizo wagonjwa wachache wa moyo, nao walipata nafuu. Wengi hawakusadiki. Ilipita miaka zaidi ya 20 mpaka mwaka 1999, yalipotangazwa majaribio mawili makubwa, moja la wagonjwa 2,647 na jingine la wagonjwa 3,991. Katika yote mawili, waliopewa dawa hizo pamoja na dawa zao nyingine walikuwa na vifo pungufu kwa 34 katika kila 100 kuliko wasiopewa.

Kumbe dawa ile haimfungi punda miguu. Humnyang'anya mchungaji kiboko. Moyo hupiga polepole, hupata muda wa kula chakula chake, na katika miezi inayofuata chumba kilichotanuka chaweza kurudi kuwa kidogo. Dawa nyingine huziambia figo ziachilie chumvi na maji, na nyingine hulegeza mishipa ili mzigo uwe mwepesi. Kila moja ina kazi yake, ndiyo sababu zikawa nne. Lakini dawa ya kupunguza mwendo huanzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu, maana mara ya kwanza mgonjwa aweza kujiona amechoka zaidi. Haifai kuazimana kidonge cha jirani.

Lipo swali la pili, tena ndilo kubwa: mtu akiisha kupata nafuu, kwa nini aendelee? Mwaka 2018 madaktari wa London walitangaza jaribio walilolifanya kwa watu 51. Wote hao walikuwa wamepata kuugua moyo uliotanuka, wakatibiwa, na vipimo vikaonyesha kwamba mioyo yao imerudi kama ya watu wazima wa afya. Hawakusikia dalili yoyote, kama mzee wetu. Watu 25 waliachishwa dawa polepole, chini ya macho ya madaktari, na 26 wakaendelea nazo. Ndani ya miezi sita, katika wale 25 walioacha, 11 walirudiwa na ugonjwa. Katika wale 26 walioendelea, hakurudiwa hata mmoja.

Ndiyo kusema, moyo ule ulikuwa umepumzishwa, haukuwa umepona kabisa. Makovu hayaondoki upesi, na seli zilizokufa hazirudi kwa wingi. Mwaka 2009 wataalamu wa Stockholm, kwa kuchunguza alama iliyoachwa miilini mwa watu na mabomu ya atomiki yaliyojaribiwa hewani zamani, walihesabu kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha seli za msuli wa moyo kama moja tu katika kila 100 kwa mwaka, na mzee hubadilisha pungufu ya hapo. Ngozi iliyochubuka hujiponya kwa majuma mawili, lakini moyo hauna haraka hiyo.

Mambo ya kufanya nyumbani

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeyote aliye mtu mzima na apimwe presha walau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi kitu, maana presha haina maumivu ya kuitambulisha. Chumvi ipunguzwe chunguni, wala isiwekwe mezani. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe zahanati, asipewe maji ya ndimu tu na kuachwa.

Mgonjwa wa moyo na apimwe uzito kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, naye na aende kwa daktari asingoje miguu ivimbe. Akizimia, au akisikia moyo unapiga ovyo huku akiona kizunguzungu, apelekwe siku ile ile. Kama anakunywa majani ya mitishamba, amwambie daktari pasipo kuona haya, maana baadhi ya majani hupigana na dawa. Wala asifikiri kwamba umeme wa moyo ukiharibika hakuna tena la kufanya. Tangu mwaka 1958, mgonjwa wa kwanza alipowekewa mwilini kifaa cha kuanzisha mapigo huko Stockholm, kazi hiyo imeenea duniani, nayo hufanyika hata Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Mwisho twarudi kwako, mwalimu. Usishindane na baba yako mbele ya watu, wala usimfanyie hesabu ya kosa lake. Mngoje jioni, mkiwa wawili, umsimulie habari za punda. Mwambie swali lake lilikuwa zuri, na kwamba wataalamu walihitaji miaka zaidi ya 20 kupata jibu lake. Kisha mwombe mwende wote wawili kwa daktari juma hili, na vidonge vile vya kabatini mvichukue. Asivianze tena mwenyewe kwa kipimo kile kile alichoachia, maana huenda daktari atataka aanze upya kwa kidogo. Na kama kinachomzuia ni bei ya dawa, naye aona haya kukuambia, hilo ulisikilize kwanza. Mara nyingi wazee husema "Nimepona" wanapotaka kusema "Sitaki kuwalemea watoto wangu."

Twakuomba utuandikie tena, utupe habari zake. Na mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza jinsi koo la mtoto liwezavyo kuudhuru moyo wake, na jinsi ya kuzuia.